Mgeni Aliyeota Mizizi: Mwarobaini, Kunguru na Miji ya Jua Kali

Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, Pwani ya Afrika Mashariki ilipokea wageni wawili kutoka India, ndege na mti. Ndege alikuwa kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 apewe kazi ya kusafisha mji: kula mizoga, matumbo ya samaki na taka zilizolundikana vichochoroni. Mti ulikuwa mwarobaini. Huo haukuletwa na serikali. Ulivuka bahari na watu waliohama kutoka Gujarat, Kachchh na Punjab, ambao kwao kuishi pasipo majani yake ya dawa, vijiti vyake vya mswaki na kivuli chake uani kulikuwa kama kula pasipo chumvi.

Kunguru aligeuka adui upesi. Miongo mitatu haikutimia kabla hajahesabiwa miongoni mwa wasumbufu wa Zanzibar, na mwaka 1947 alionekana Mombasa. Tangu hapo amefuata barabara na majalala kuingia bara, akila mayai na makinda ya ndege wenyeji. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kuwapunguza kunguru hao kwa milioni moja. Wahenga walisema kunguru hafugiki, na waliomleta afanye kazi ya ufagio walilijua hilo baadaye.

Mwarobaini ulipokewa vingine. Ukimwambia mtu wa Malindi, Tanga au Dodoma kwamba mti ule si wa asili ya Afrika, atakutazama kwa mshangao. Bibi yake aliuchemsha kwa homa, baba yake alifunga mbuzi chini yake, na yeye mwenyewe alisomea kivulini mwake shuleni. Jina lake tu, lenye kudai tiba ya maradhi arobaini, linaonyesha jinsi ulivyokaribishwa.

Lakini historia za wageni hawa wawili zinagusana kuliko zinavyosimuliwa. Mti unaosifiwa kwa kuwashinda wadudu umeenea kwa msaada wa viumbe wa mjini ambao watu hao hao huwarushia mawe: popo, shorewanda, kuzi, na kunguru mwenyewe. Asiyewatazama wote pamoja anabaki na nusu ya habari.

Wataalamu wa mimea huuita Azadirachta indica na kuuweka katika ukoo mmoja na mkangazi. Hustawi penye mvua ya milimita 400 hadi 1,200 kwa mwaka, na hata pungufu ya hapo endapo mizizi itayafikia maji ya chini. Hauchagui kichanga wala kokoto. Usichokiweza ni maji yaliyotuama na baridi kali. Baada ya miaka 3 hadi 5 huanza kuzaa, na mti uliokomaa waweza kutoa kilo 30 hadi 50 za matunda kwa mwaka. Zaidi ya yote, wakati wa kiangazi, miti mingi ya nyika ikiwa imepukutika na kubaki fimbo, mwarobaini husimama na majani yake. Kwa mji wa jua kali, hiyo peke yake ni neema.

Una udhaifu mmoja mkubwa: mbegu yake haina subira. Ikishaiva na kuanguka, uwezo wake wa kuota hupungua ndani ya majuma machache, hasa isipoondolewa nyama na kukaushwa vizuri kivulini. Jambo hili linatupa mwanga juu ya safari yenyewe. Katika sehemu kubwa ya India matunda huiva katikati ya mwaka, wakati kusi inavuma. Majahazi ya kwenda Afrika yalingoja kaskazi ianze mwezi wa Desemba, na mbegu iliyookotwa Julai ingekuwa imekufa zamani. Kwa hiyo yaelekea sana kwamba mwarobaini ulivuka ukiwa mche uliotunzwa na kumwagiliwa njiani, au ulipanda meli za mvuke, ambazo hazikuhitaji ruhusa ya upepo. Meli za kampuni ya British India zilianza safari za kawaida za Zanzibar mwaka 1872. Mtu aliyetaka kupanda mti wa kwao uani mwake Ng'ambo ya Zanzibar au Mombasa alikuwa amepata njia.

Upande wa pili wa bara, mwarobaini ulipandwa na watawala. Maofisa misitu wa Kiingereza waliujaribu kaskazini mwa Ghana mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1928 ukafikishwa kutoka huko hadi Maiduguri, kaskazini-mashariki mwa Nigeria. Walichokitaka ni kuni, nguzo na kivuli. Habari za wadudu hazikuwa katika hesabu zao. Kizazi kimoja kilipopita, barabara za miji ya Saheli zilikuwa na mistari ya mwarobaini pande zote mbili, na mtu aliyetoka mchangani akielekea mjini aliuona mji kwa mbali kama msitu mdogo.

Niger ilikwenda mbele zaidi. Baada ya ukame mkubwa wa mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakulima wa bonde la Majjia, wakisaidiwa na shirika la CARE, walianza mwaka 1975 kupanda safu mbili mbili za mwarobaini kukinga upepo usiwafukie mtama wao. Safu hizo zilifika mamia ya kilomita, na mavuno ya mashamba yaliyokuwa nyuma yake yaliongezeka. Huko Saudia, uwanda wa Arafat ulipandwa miarobaini ipatayo 50,000 ili mahujaji wapate kivuli. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki waliosimama Arafat wamewahi kukaa chini ya mti wanaoujua tangu utotoni bila kutarajia kuukuta pale.

Afrika Mashariki, ramani ya mwarobaini inafuata ramani ya joto. Umejaa Pwani, umejaa Dodoma ambako mvua ya mwaka wa kawaida haifiki milimita 600, uko Tabora, uko Garissa. Kambi za wakimbizi za Dadaab zilipofunguliwa mwaka 1991 kwenye ardhi kame ya mashariki mwa Kenya, mwarobaini ulikuwa miongoni mwa miti iliyopandwa kuzunguka mahema na madarasa. Mti wa wahamiaji wa karne ya 19 ukawa tena mti wa watu waliohama.

Elimu ya kupambana na wadudu kwa mimea, kwa kweli, haikuingojea meli yoyote. Wakulima wa nyika walichanganya nafaka na majivu kabla ya kuitia ghalani. Utupa ulisagwa na kunyunyizwa juu ya mahindi na maharage, na jani hilo hilo lilitumika kuvulia samaki mitoni. Kivumbasi kilining'inizwa mlangoni au kuchomwa jioni ili moshi wake uwafukuze mbu, na watafiti waliokijaribu magharibi mwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000 walithibitisha kwamba kinapunguza kweli idadi ya mbu wanaoingia nyumbani. Mwarobaini ulipofika ulikuta watu ambao tayari walijua kuuliza jani lina kazi gani. India nako wanawake walikuwa wakitandaza majani makavu ya mti huo katikati ya nguo, vitabu na magunia ya nafaka tangu enzi. Hapa elimu mbili zilikutana, na ndiyo maana mti haukuhitaji kampeni yoyote ili ukubalike.

Sayansi ya maabara ilichelewa. Mwaka 1942 mkemia Salimuzzaman Siddiqui, ambaye baadaye alikuja kuwa nguzo ya sayansi ya Pakistan, alitenga kwa mara ya kwanza kemikali chungu kutoka katika mafuta ya mwarobaini. Lakini dunia ya miaka iliyofuata ililewa DDT. Dawa iliyoua mbu, chawa na viwavi kwa mpigo mmoja, tena kwa bei ndogo, iliwafanya wengi waone majani ya bibi kuwa mambo ya kale.

Kilichowarudisha wataalamu kwenye mti ni nzige. Mwaka 1959 kundi la nzige wa jangwani lilishuka Sudan na kumaliza kila kilichokuwa na rangi ya kijani. Mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, alikuwa huko. Aliona nzige wakitua juu ya mwarobaini, kisha wakiruka bila kuula, hadi ikabaki miarobaini peke yake yenye majani katikati ya nchi iliyovuliwa nguo. Aliporudi kwao aliifanya siri ya mti huo kuwa kazi ya maisha yake.

Miaka mitatu baadaye, huko New Delhi, S. Pradhan wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya India alisaga kokwa za mwarobaini, akachanganya na maji na kunyunyizia mazao shambani wakati wa uvamizi wa nzige. Nzige walitua juu ya mazao yale lakini hawakuyala. Ulikuwa mwaka 1962, mwaka ule ule Rachel Carson alipochapisha Marekani kitabu chake Silent Spring, kilichoufanya umma uanze kuitilia shaka DDT. Mambo hayo mawili yalitokea mbali na kila moja bila kujua lingine, lakini ndani ya mwaka mmoja swali lilikuwa limeulizwa na jibu mojawapo lilikuwa limeoneshwa shambani.

Mwaka 1968 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, waliitenga kemikali yenye nguvu hiyo na kuiita azadiraktini. Umbo lake liliwasumbua wataalamu hadi mwaka 1985 lilipojulikana kwa uhakika, na kuitengeneza maabara kulichukua miaka 22 ya kazi ya kundi la Steven Ley wa Cambridge, lililotangaza mafanikio mwaka 2007. Mti huitengeneza kila msimu kwa jua na maji kidogo.

Namna inavyofanya kazi ndiyo inayoueleza mti wenyewe na mvutano wake na soko. Azadiraktini haimwangushi mdudu papo hapo. Kwanza humkatisha hamu ya kula. Akila kidogo, huvuruga homoni zinazoongoza kujivua ngozi, hivyo kiwavi au tunutu hukwama katikati ya kubadilika na kufa baada ya siku kadhaa. Wengine huishi lakini hawatagi mayai ya kutosha. Kwa kuwa lazima sumu imezwe pamoja na jani, buibui, nyigu na wadudu wengine wanaowinda wenzao hawadhuriki sana, na mjusi kafiri aliyeko ukutani hupata kuendelea na zamu yake ya usiku. Jua huivunja kemikali hiyo ndani ya siku chache, kwa hiyo haibaki udongoni mwaka baada ya mwaka kama DDT.

Hizo ni sifa kwa mwenye kufikiri miaka kumi mbele. Kwa mkulima anayeona viwavi wakitafuna mahindi asubuhi ya leo, dawa isiyoua hadi keshokutwa inahitaji imani. Kenya na Tanzania zilikuwa na zao lingine la asili hiyo, pareto, ambalo humwangusha mdudu kwa sekunde. Pareto lakini hutaka baridi ya nyanda za juu, kama Nakuru, Nyandarua, Iringa na Mbeya, na kwa miongo mingi sehemu kubwa yake ilisafirishwa nje ya nchi kwenda kutiwa katika dawa za kupuliza za watu wengine. Mkulima wa Kilifi au Dodoma hawezi kulima pareto. Mwarobaini uko mlangoni kwake.

Jiji la Nairobi liliingia katika historia hii kwa mlango mkubwa. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, kilikuwa tayari kinatafuta njia za kuwadhibiti wadudu bila kuwamwagia watu sumu. Mwaka 1986 mkutano wa tatu wa kimataifa wa mwarobaini, baada ya miwili iliyofanyika Ujerumani, ulikutana Nairobi. Katika miaka ya 1990 ICIPE ilikuwa na mradi wake wa mwarobaini chini ya mtaalamu kutoka India, Ramesh Saxena. Wakulima walifundishwa kutia ubano wa unga wa mashudu ya mbegu katika kikonyo cha mhindi ili kumzuia kipekecha shina, na kuchanganya unga huo na udongo wa migomba dhidi ya fukusi wanaoishambulia. Baadaye watafiti walionesha hata kwamba maji yaliyolowekwa vipande vya ubao wa mwarobaini yanaweza kuzuia viluwiluwi wa mbu wa malaria wasikue. Nchini India utafiti wa mwaka 1993 ulikuwa umeonesha kwamba mafuta ya mwarobaini yakichanganywa asilimia 2 tu katika mafuta ya nazi na kupakwa mwilini, huwazuia mbu wa malaria usiku mzima. Nazi na mwarobaini! Ni vitu viwili ambavyo kila kijiji cha Pwani kinavyo.

Hata hivyo ukweli usifichwe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mdudu mgeni kutoka Amerika ya Kati aliingia mkoani Tabora, akidhaniwa kuja na shehena za mahindi. Alitoboa mahindi yaliyohifadhiwa na magunzi yake, akatoboa makopa ya muhogo, akatoboa hata mbao za ghala, na watu wakamwita dumuzi au Scania. Mwaka 1983 alikuwa ameshavuka mpaka hadi Taveta. Majani ya mwarobaini peke yake hayakumweza. Serikali zilihimiza wakulima wapukuchue mahindi yao na kuyachanganya na vumbi la kiwandani lenye sumu mbili kwa pamoja, na katika miaka ya 1990 Kenya ikamwachilia mdudu mwingine kutoka kwao dumuzi amwinde. Mti mmoja hautoshi kwa kila adui, na wanaouuza kwa ahadi ya kutibu kila kitu wanauharibia jina.

Vilevile kuna hatari ya kuudhania mti kuwa hauna madhara kwa kuwa ni wa asili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga waliougua vibaya, ini na ubongo vikiathirika, baada ya kunyweshwa mafuta yake kama dawa ya mafua na kikohozi. Mafuta hayo si ya kumnywesha mtoto.

Katikati ya sifa hizo kulitokea pia jaribio la kuukamata ujuzi wenyewe. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace, pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani, hataza ya njia ya kutumia mafuta ya mwarobaini dhidi ya kuvu wa mimea. Mwaka uliofuata Vandana Shiva wa India, Magda Aelvoet aliyekuwa mbunge wa Ulaya, na vuguvugu la kimataifa la kilimo hai waliipinga. Walileta ushahidi kwamba njia hiyo ilikuwa ikitumika India kabla ya kampuni kudai kuivumbua. Mwezi Mei 2000 hataza ilifutwa, na rufaa ikatupwa Machi 2005. Ilichukua miaka 10 na fedha nyingi kuthibitisha mbele ya ofisi ya Ulaya jambo ambalo wakulima wa India walilijua tangu zamani. Kwa nchi za Afrika Mashariki, ambazo elimu yao ya kivumbasi na utupa imeandikwa kidogo sana, hukumu hiyo ilikuwa onyo: kisichoandikwa hakina shahidi.

Sasa turudi kwa wenye mabawa. Mwarobaini huzaa tunda dogo la manjano lenye nyama tamu. Ndege hulimeza au kulimenya, popo hulifyonza, na wote huacha mbegu ikiwa safi, mbali na mti mama. Nchini India wakusanyaji mbegu wamekuwa wakithamini sana mbegu zilizoangushwa na ndege na popo, kwa sababu nyama iliyobaki kwenye mbegu huleta ukungu na kuharibu mafuta. Kwa mti ambao mbegu yake hufa upesi, huduma hiyo ni bora kuliko ya bustani yoyote ya miche: mbegu humenywa na kupandwa usiku ule ule.

Mfano mkubwa wa viumbe hao mjini uko Accra, ambayo imekaa katika ukanda mkavu usio wa kawaida kwa pwani ya Afrika Magharibi. Katika uwanja wa hospitali ya jeshi iitwayo 37, popo walao matunda kwa malaki hulala mchana katika miti, mwarobaini ukiwa miongoni mwake, na machweo huliziba anga la jiji wakienda malishoni. Wakazi husimulia kwamba popo walimsindikiza chifu mmoja aliyeletwa hospitalini akafia humo, na tangu siku hiyo wanamngoja atoke. Popo hawa husafiri mamia ya kilomita kwa msimu wakibeba mbegu za misitu. Ni wakulima wa bara hili kwa maana halisi ya neno.

Lakini mkulima huyo hajui mpaka wa mji. Kwenye uwanda huo huo wa Accra, katika hifadhi ya Shai Hills, mwarobaini umeota ndani ya vichaka vya asili na kuvisonga. Kaskazini mwa Australia umetangazwa rasmi kuwa gugu. Katika Pwani ya Kenya umejipenyeza katika misitu ya mawe ya matumbawe na hata katika kaya za Wamijikenda, misitu mitakatifu iliyoingizwa mwaka 2008 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mahali ambapo wazee walilinda kila mti kwa vizazi, mti wa mgeni unaota kwa sababu shorewanda alipumzika hapo baada ya kula mjini. Wakenya wa maeneo kame wanajua maana yake. Mathenge, uliopandwa Baringo katika miaka ya 1980 kuzuia jangwa, ulifunga malisho na kung'oa meno ya mbuzi kwa sukari ya maganda yake, hadi wanakijiji wakaishitaki serikali na kumpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi. Mwarobaini haujafika huko, na una manufaa mengi kuliko mathenge. Hata hivyo dalili za msituni zinatosha kumwamsha mwenye macho.

Mti huu nao una maadui zake, jambo linalowashangaza wanaouona kama ngome. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wadudu gamba waliushambulia mwarobaini katika nchi zilizozunguka Ziwa Chad, na miji ya Nigeria, Niger, Chad na Cameroon ikaona vilele vya miti vikikauka. Sumu iliyo ndani ya jani huwazuia wanaotafuna. Mdudu gamba hufyonza. Mji uliopanda aina moja ya mti katika kila barabara ulikuwa umeweka mayai yote katika kapu moja, na funzo hilo halijasikika vya kutosha Dodoma wala Mombasa, ambako bado miche ya mwarobaini hupandwa mistari mirefu bila mchanganyiko wa mkwaju au miti mingine ya kienyeji.

Njia moja ya kuutumia mti kabla haujajaa msituni ilipatikana kwa wachongaji. Wakamba wa Mombasa na Malindi, ambao kwa miongo kadhaa walichonga mpingo na muhugu hadi miti hiyo ikawa haba, walishawishiwa na wataalamu wa hifadhi wahamie kwenye mwarobaini. Ubao wake ni wa wastani, unachongeka, na haushambuliwi ovyo na bungua. Twiga na viboko wa mwarobaini wakaanza kuuzwa katika maduka ya watalii, na mpingo mmoja mmoja ukapona.

Lililosalia bila kufanywa ni jepesi kuliko yote. Kila msimu wa matunda, chini ya miarobaini ya Malindi, Tanga, Garissa na Dodoma, mbegu hulala kwenye vumbi, kisha hufagiliwa pamoja na taka na kuchomwa, au hubebwa hadi mahali zisipotakiwa. Mbegu hizo hizo ndizo dawa. Nusu kilo ya kokwa zilizosagwa, ikilowekwa usiku kucha katika lita 10 za maji na kuchujwa, hunyunyiziwa mbogamboga jioni, jua likiwa limepungua, na mkulima hahitaji barakoa wala mkopo. Tatizo la kuenea kwa mti na tatizo la bei ya viuatilifu yana dawa moja: kuziokota mbegu kabla popo na kunguru hawajazipeleka mbali.

Halmashauri na kaunti za maeneo makavu zina wafagiaji wa barabara, vikundi vya akina mama na vijana wanaotafuta kazi. Zinunue mbegu kwao kwa kilo, zikaushwe kivulini, zisagwe katika vinu vilivyopo tayari vijijini, na ziuzwe kwa wakulima wa mboga walio pembeni mwa miji hiyo hiyo. Walinzi wa kaya nao wapewe nguvu ya kung'oa miche ya mwarobaini msituni ingali midogo, na wasikatazwe kwa hoja kwamba ni mti wa dawa. Kilo 20 hadi 30 za mbegu zinatosha kutibu hekta nzima ya shamba, na kiasi hicho chaweza kuokotwa kwenye barabara moja ya mji.